Chakula cha mchana shule ya kutwa: mwongozo kwa kamati za shule mkoani Tanga

Kila Januari shule zikifunguliwa, maswali ni yaleyale. Mwenyekiti wa kamati ya shule kutoka Muheza anataka kujua fomu ya kuomba chakula cha wanafunzi inapatikana ofisi gani. Mwalimu aliyepangiwa Kilindi anauliza lori la mahindi huja mwezi gani. Mama wa Mabokweni, ambaye mwanawe hutoka alfajiri na kurudi saa tisa hajatia kitu mdomoni, anauliza kwa nini shule ya jirani wanakula na ya kwao hawali.

Fomu hakuna, na lori haliji. Tuelewane hapo kwanza. Serikali inagharamia chakula cha shule zake za bweni. Kwenye shule ya kutwa, chakula ni mchango wa wazazi. Elimu bila malipo iliyoanza Januari 2016 ilifuta ada, na ruzuku ya uendeshaji, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, ni ya vitabu, chaki, mitihani na ukarabati mdogo mdogo. Fungu la ubwabwa halimo. Kilichopo ni mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimumsingi, uliotoka 2021: wazazi wachange, kamati isimamie, halmashauri ilete utaalamu na ufuatiliaji.

Shule nyingi ninazozijua ambazo watoto wanakula hazina mfadhili yeyote. Walichofanya ni kukubaliana mapema na kukusanya wakati mahindi yako shambani. Mahindi ya masika huku kwetu huvunwa kuanzia Julai hadi Agosti, na ya vuli huingia mwanzoni mwa mwaka. Ukimfuata mzazi Januari kumwambia alete debe, wakati huo ana sare, madaftari na ghala tupu, atakuitikia tu ili uondoke.

Kabla hujaanza, hakikisha una haya

- Idadi halisi ya wanafunzi kwa darasa, ukianzia awali. Chukua ya daftari la mahudhurio. Ile iliyobandikwa ofisini mara nyingi ni ya mwaka jana.
- Muhtasari wa kikao cha kamati ya shule kilichokubali wazo hili.
- Chumba kikavu chenye mlango unaofungwa. Kama hakipo, acha makande (mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja) kwa sasa, anza na uji.
- Maji ya uhakika. Sufuria la makande haliwezi kusubiri bomba la mgao.
- Mizani. Usianze bila mizani, na nitaeleza kwa nini.
- Namba ya simu ya Afisa Lishe wa halmashauri yenu. Mkoa una halmashauri 11, kuanzia Jiji la Tanga hadi Bumbuli, na kila moja ina wataalamu wake. Usipeleke barua ya Mkinga ofisi za Jiji kwa sababu tu ziko karibu na stendi.

Hatua kwa hatua

1. Piga hesabu ya chakula kabla ya kuzungumza na mtu yeyote.

Kipimo kizuri cha kuanzia kwa mtoto mmoja kwa siku ni gramu 120 za mahindi, gramu 30 za maharage na gramu 5 za mafuta. Mwaka wa shule una siku 194 za masomo. Chukua shule ya watoto 400: kwa siku ni kilo 48 za mahindi, kilo 12 za maharage na kilo 2 za mafuta. Kwa mwaka mzima ni kilo 9,312 za mahindi, yaani magunia 93 na ushee ya kilo mia, na kilo 2,328 za maharage.

Sasa igawe kwa mtoto: kilo 23 na kitu za mahindi, karibu kilo 6 za maharage, lita moja ya mafuta. Hapa ndipo kamati nyingi huumia. Mkutano ukishakaa, mtu husimama akasema, "Kila mzazi debe moja," watu wakapiga makofi, mambo yakaisha. Debe la mahindi lina kama kilo 18. Kwa kipimo hiki linamlisha mtoto siku 150. Siku 44 zilizobaki, karibu wiki tisa za masomo, hazina chakula, na ni zile za mwisho wa mwaka. Ama mseme debe moja na robo na ushee, ama mkubaliane wazi kwamba mtapika siku nne kwa wiki. Msijidanganye kwamba litatosha.

Juu ya jumla hiyo weka akiba ya asilimia 10 kwa ajili ya wasiochanga, wadudu na kumwagika.

2. Nenda kwa Mtendaji wa Kata, Afisa Elimu Kata na Afisa Lishe kabla ya mkutano wa wazazi.

Usiende kuomba chakula. Nenda kuomba waje. Kuna mkataba wa lishe ambao wakuu wa mikoa wanausaini na ngazi za chini zinapimwa kwa huo, na chakula shuleni ni miongoni mwa yanayofuatiliwa. Maana yake ni kwamba Mtendaji naye anaulizwa shule ngapi kwenye kata yake zinatoa chakula. Ukimletea hesabu iliyokamilika umempunguzia kazi. Omba pia nafasi ya kuzungumza siku ya SALIKI, ile Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji inayofanyika kila robo mwaka, kwa sababu pale wazazi wenye watoto wadogo wameshakusanyika na hujaingia gharama ya kuwaita.

3. Itisha mkutano wa wazazi mwezi wa Mei au Juni, na uamuzi uandikwe.

Mkutano uitishwe na mwenyekiti wa kamati pamoja na mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Mwalimu mkuu akae pembeni kama katibu. Tangu Januari 2018, Rais Magufuli alipopiga marufuku walimu kukusanya michango, mwalimu anayesimama mbele na daftari la michango anajitafutia matatizo, hata kama nia yake ni safi.

Swali la kwanza litatoka kwa mzee mmoja aliyekaa nyuma chini ya mwembe: "Mwenyekiti, serikali si ilisema elimu bure?" Usimbeze. Mjibu kwa adabu: "Shikamoo mzee wangu. Ada imefutwa kweli, na hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Hapa tunaongelea tumbo la mjukuu wako saa saba mchana." Kisha mpe hesabu ya kilo 23. Watu wanaweza kubishana na maneno, lakini hesabu iliyoandikwa ubaoni huwatuliza.

Muhtasari uonyeshe: kiasi kwa kila mtoto, tarehe ya mwisho ya kuleta, nini kinaweza kuletwa badala ya mahindi, nani ameteuliwa kupokea, na nini kitafanyika kwa wasio na uwezo. Waliohudhuria waweke sahihi. Nakala iende kwa Mtendaji wa Kata na kwa Mkurugenzi kwa barua, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Tahadhari: msiweke adhabu kwa mtoto. Msimtoe nje ya foleni, msimnyime cheti, msimwambie alete kwanza. Mzazi anadaiwa na wazazi wenzake kupitia serikali ya kijiji. Mtoto hadaiwi na mtu.

4. Ruhusu watu walete walichonacho.

Mkoa wetu si shamba moja. Handeni na Kilindi wana mahindi. Lushoto kuna maharage na mboga. Pangani na Mkinga mzazi anaweza kuwa na nazi na hana hata debe la mahindi. Muheza msimu wa machungwa matunda huozea barabarani. Tengenezeni jedwali la kubadilishana kwa bei ya soko ya wiki hiyo: mzazi wa Kigombe akileta dagaa wakavu, wanathaminiwa, wanaandikwa badala ya maharage yake. Nusu chungwa baada ya makande si anasa, kwani vitamini C iliyomo humsaidia mtoto kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharage.

Nazi ina kasheshe yake. Inapendeza sana kwenye karatasi kuchukua nafasi ya mafuta, mpaka siku mnapogundua kwamba kuna watu wawili na mbuzi moja ya kukunia na watoto 400 wanasubiri. Ama mpeleke nazi kwenye mashine ya kukuna sokoni, ama mziuze mnunue mafuta.

Muhogo nao uulizwe kabla ya kupokelewa. Muhogo mchungu haupikwi ukaliwa hivi hivi. Una sumu ambayo haitoki kwa kuchemsha tu, hutoka kwa kuloweka, kukausha na kusaga. Kama aliyeleta hawezi kusema kwa uhakika ni aina gani, urudi naye.

5. Tengenezeni orodha ya kaya zisizo na uwezo, kimya kimya.

Anzeni na kaya zilizo kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ambazo serikali ya kijiji inazijua. Ongezeni watoto wanaolelewa na bibi, yatima, na wenye mzazi mgonjwa au mwenye ulemavu. Orodha ikae kwa watu watatu tu: mwenyekiti wa kamati, mwenyekiti wa kijiji au mtaa, na mwalimu wa malezi. Isisomwe mkutanoni. Isibandikwe ukutani. Wapishi hawahitaji kuijua, kwa sababu sufuria ni moja na upawa ni mmoja.

Mzazi asiye na debe akitaka kujitolea kuchota maji au kupepeta mahindi, vizuri, apewe nafasi yake na aandikwe. Lakini msigeuze kuwa kazi ya lazima ya maskini. Siku mama huyo akionekana kila asubuhi na ndoo wakati wenzake hawapo, mtaa mzima umeshaijua orodha yenu.

6. Pokeeni kwa mizani, wakati wa mavuno.

Pangeni siku mbili tatu za kupokea, Julai mwishoni au Agosti, kila kitongoji siku yake. Pimeni kwa kilo. Debe ni chombo cha kubebea, kipimo chake hakiaminiki: kuna debe limebondwa chini, kuna debe limejazwa kwa kilima juu, kuna gunia la lumbesa na gunia lililolegea. Mzazi aliyeleta kilo 24 na aliyeleta kilo 16 wakiandikwa wote "debe moja na robo", ugomvi utakuja tu, na utakuja wakati stoo iko tupu.

Mpokeaji mmoja anapima, mwingine anaandika, wa tatu anashuhudia. Mzazi anaondoka na karatasi yake. Anayelipa fedha apewe stakabadhi na fedha iende benki kwenye akaunti ya shule. Isilale kwenye mfuko wa mtu wala kwenye simu ya mtu, hata kama ni "hadi kesho tu".

7. Kagua unyevu na ukungu kabla ya kuingiza stoo.

Hii ndiyo hatua ninayoomba usiipitie harakaharaka. Pwani yetu ina joto na unyevu mwaka mzima, na mahindi yaliyoingia stoo mabichi huota ukungu unaoleta sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na yalikuwa mahindi ya kawaida ya majumbani. Kuchemsha hakuiondoi. Kukaanga hakuiondoi.

Mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Kama hamna kipimo, tumieni chumvi: chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi robo chupa, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika mbili tatu, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudishwe juani. Ikishuka yote chini, yako sawa. Fanya hivi mbele ya mwenye mahindi ili asidhani umemwonea.

Punje zenye rangi ya kijani, nyeusi au njano ya ajabu, zilizosinyaa au kutobolewa, zipembuliwe na zitupwe. Msiwape kuku. Kuku hutaga, mtoto akala yai.

Ndani ya stoo, panga magunia juu ya chaga, yasiguse sakafu wala ukuta, uache njia ya kupita mtu. Kwa mahindi ya kukaa zaidi ya miezi mitatu, mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa huwaua wadudu wa nafaka kama fukusi na dumuzi bila dawa. Vidonge vya kufukiza nafaka visiingie shuleni kwa mkono wa mtu yeyote asiye mtaalamu. Ile hewa yake inaua, na chumba cha darasa kiko ukuta wa pili.

8. Jiko, sufuria na wapishi.

Kwa watoto 400 mtahitaji masufuria mawili ya lita 100 hivi, miiko mirefu, upawa wa kipimo kimoja, na wapishi wasiopungua watatu. Wapishi wapimwe afya kupitia Afisa Afya wa kata na wawe na vyeti kabla ya siku ya kwanza. Mkubaliane malipo yao kwa maandishi. Mpishi anayelipwa "tutaona" atajilipa kwa njia zake kutoka kwenye sufuria.

Kuhusu nishati: serikali iliagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, tarehe ikawekwa Januari 31, 2024. Kwa hiyo msijenge jiko la mafiga matatu mkitegemea watoto waje na kijiti kimoja kimoja. Ulizeni halmashauri kuhusu gesi, mkaa mbadala na majiko banifu ya taasisi, na muweke gharama hiyo kwenye mchango tangu mwanzo. Loweka mahindi na maharage usiku kucha, umwage maji yale. Hilo peke yake hupunguza saa za kuchemka na nishati inayoliwa.

9. Anza na uji kama hamna uzoefu.

Wengi hawanisikilizi hapa, wanataka makande siku ya kwanza kwa darasa la saba kwa sababu ya mtihani. Ningekuwa mimi, ningeanza na uji wa saa nne kwa awali, la kwanza na la pili. Hawa ndio njaa inawaangusha kwanza, na uji ni rahisi kupika bila kuharibu. Gramu 50 za unga na gramu 10 za sukari zinatosha kwa mtoto. Mkiweza, tumieni unga ulioongezwa virutubishi. Baada ya muhula mmoja leja, yaani daftari la stoo, ikiwa safi, ingieni makande.

Chumvi iwe yenye madini joto. Chumvi ya mashamba ya pwani yetu inayouzwa kwa kopo bila kifungashio mara nyingi haina.

10. Siku ya kupika.

Asubuhi walimu wahesabu waliohudhuria na kupeleka namba stoo ikifika saa mbili. Mtunza stoo apime kwa hudhurio la siku ile, si kwa idadi ya shule nzima. Kama leo wamekuja 352, mahindi ni kilo 42 na robo. Mpishi mkuu asaini alichopokea. Mzazi wa zamu awepo kuanzia kupima hadi kugawa, na aonje kabla ya watoto.

Kunawa mikono kuwe njiani kuelekea kwenye foleni. Vibuyu chirizi vitano vilivyopangwa mstarini vinatosha kuanzia. Wadogo wale kwanza. Chakula kilichobaki kisilale.

Ramadhani wanaokula mchana watapungua sana kwenye shule nyingi za huku. Pimeni kwa waliosema watakula. Akiba itakayobaki iandikwe, ni siku za ziada mwishoni mwa mwaka.

11. Leja, na taarifa kila mwezi.

Daftari moja, safu tano: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, waliokula, kilichobaki. Mwisho wa mwezi wajumbe wawili wasio watunza stoo wapime magunia yaliyomo na walinganishe. Matokeo yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule na wa ofisi ya kijiji: kiasi kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki. Majina ya wasiochanga yasibandikwe.

Mkikoboa mahindi, gunia la kilo mia halirudi kilo mia. Pimeni gunia la kwanza kabla na baada ya mashine, muandike upungufu, ndio uwe kipimo chenu cha kuanzia. Pumba ni mali ya shule. Wafugaji wa kuku hununua, na fedha yake inaweza kulipa mashine.

Familia zenye njaa nyumbani

Chakula cha shule hakimalizi tatizo la kaya ambayo jioni haipiki. Njia zipo mbili na watu huzichanganya.

TASAF haigawi chakula. Inatoa ruzuku ya fedha na ajira za muda kwa kaya maskini sana, na sehemu ya ruzuku ina masharti: mtoto wa shule ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Kipindi cha pili cha mpango kilizinduliwa Februari 2020. Huingii kwa kwenda ofisini na kitambulisho. Kaya hutambuliwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, kwa vipindi maalumu. Kwa hiyo ulizeni kwa mwenyekiti kama kuna utambuzi unaokuja, na hudhurieni mkutano huo. Malalamiko ya kuachwa hupelekwa kwa maandishi kwa Mtendaji, kisha kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri.

Chakula chenyewe, mahindi, hutoka kwenye maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, kukiwa na maafa au bei ikipanda sana. Mtu binafsi haandiki barua NFRA akapewa. Kijiji hufanya tathmini ya kaya zilizoathirika, taarifa hupanda kata, wilaya kwenye kamati ya maafa, mkoa, hadi Ofisi ya Waziri Mkuu. Mafuriko yakipita kwenu, orodheni kaya mapema: jina la mkuu wa kaya, idadi ya watu, kilichopotea. Kijiji chenye orodha iliyosainiwa hujibiwa haraka kuliko kijiji chenye kilio.

Mambo yakikwama

Nusu ya wazazi hawajaleta. Angalia kwanza kama tarehe mliyoweka iliangukia kabla ya mavuno ya kitongoji chao. Mara nyingi ndiyo sababu. Ongezeni mwezi mmoja, ruhusuni kuleta kwa awamu mbili, kisha mwenyekiti wa kitongoji apite nyumba kwa nyumba. Msianze kupika chakula cha mwaka mzima kwa mahindi ya nusu mwaka. Punguzeni siku za kupika, mkaeleze sababu.

Stoo na leja haviendani. Upungufu mdogo unaweza kuwa vumbi, kupepeta na panya. Ukizidi kilo moja au mbili kwa kila gunia, fungeni stoo siku hiyohiyo, pimeni upya mbele ya Mtendaji, badilisheni kufuli na kuweka mbili, funguo kwa watu wawili tofauti. Msisubiri kikao cha mwezi.

Watoto wanaumwa matumbo. Acheni kugawa. Tunzeni sampuli ya chakula na ya mahindi, pigeni simu zahanati na kwa Afisa Afya. Chunguzeni maji kabla ya kumlaumu mpishi.

Makande hayaivi. Mara nyingi maharage yamekaa muda mrefu. Maharage ya zamani yalowekwe muda mrefu zaidi, yaanze jikoni kabla ya mahindi.

Mwanasiasa ameahidi magunia. Pokeeni, pimeni, andikeni kwenye leja kama mchango wa mtu yeyote, na toeni stakabadhi. Msiwaambie wazazi waache kuchanga mpaka magunia yawe ndani ya stoo.

Mpishi mkuu ameacha kazi katikati ya muhula. Rudini kwenye uji mpaka mpate mwingine mwenye cheti cha afya.

Chakula kimebaki mwisho wa mwaka. Kipimeni, kikagueni ukungu, kiandikwe kama salio la kufungulia Januari, na kiasi cha mchango wa mwaka unaofuata kipunguzwe kwa kilo hizo. Msigawane.